Tupeane uzoefu: mchezo wa mashindano ulioshinda ukiwa na kete nyeusi

Assalaam aleikum wapenzi wa sataranji. Kila ratiba ya raundi ikibandikwa hapa Lamu nawaona vijana waliopangiwa nyeusi wakinyong'onyea, kama vile pointi imeshaondoka. Inaniuma sana. Nyeupe kweli hufaidika kwa kuanza, huchukua kama asilimia 54 ya pointi kwa jumla, lakini hizo 46 zinazobaki zina wenyewe! Lete kisa chako, utuambie mchezo uligeukia wapi.

Naanza. Mwenzangu alifungua kwa askari hadi e4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), nikajibu kwa askari hadi c5, tukaingia ufunguzi uitwao Sisilia ya Joka. Akamficha mfalme upande wa malkia, kisha akamsukuma askari wa h aje anibomolee. Wengi hapo hurudi kujilinda. Mimi nilitoa ngome nikamla farasi wa c3. Akaila kwa askari wa b, na hapo hapo ngao ya mfalme wake ikapasuka. Malkia wangu akatua a5, askofu wa g7 naye akielekea huko huko. Kwa hesabu ya kete nilikuwa nyuma, ila zangu zote zilikuwa kazini na ngome zake zimelala pembeni. Mfalme akakimbilia katikati ya ubao, kisha akanipa mkono, yaani akakubali kushindwa.

Wa Malindi: Waaleikum salaam kaka. Changu hakina vishindo. Nilicheza Ulinzi wa Kifaransa, njia ya nyeusi ya kujibu e4, tukalana mpaka wakabaki wafalme na askari wachache. Wafalme wakasimama uso kwa uso, kisanduku kimoja katikati, na zamu ikawa yake. Zamu ndiyo iliyomuua: kila alikokwenda alinifungulia njia.

Wa Shela, Lamu: Mie kilichonitoa hofu ni mchezo wa Wamarekani Donald Byrne na Bobby Fischer, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, New York, 1956. Fischer ana miaka 13, ana nyeusi, hatua ya 17 anamwacha malkia aliwe! Akalipwa ngome, askofu wawili na askari, na hatua ya 41 mfalme wa Byrne hana pa kwenda. Niliucheza upya ubaoni mpaka nikaujua kwa moyo. Raundi niliyopangiwa nyeusi baada ya hapo nilikaa kitini natabasamu, nikashinda.

Wa Malindi: Dada, ulijibu nini hatua ya kwanza?

Wa Shela, Lamu: Alianza d4, nikatoa farasi f6. Nitaandika hatua zote kesho inshallah, nikishapata daftari.