Tupeane uzoefu: kudurusu huku muziki unapiga, kunasaidia au kunaharibu?

Kijana wa Kikwajuni: Assalaam alaykum. Mdogo wangu wa kidato cha nne hudurusu akiwa na hedifoni masikioni. Mama humwambia azivue, naye hujibu kuwa bila muziki hesabu haziingii. Mliopita huko mnasemaje?

Mkaazi wa Wete: Hesabu huingia. Historia, hapana.

Jang'ombe Asilia: Umenikumbusha mbali. Waliokuwepo Unguja wanaukumbuka umeme uliokatika Disemba 2009 na kurejea Machi 2010. Mtihani wetu wa kidato cha sita ulikuwa Februari, tukadurusu kwa kandili. Usiku wa kuamkia karatasi ya Baiolojia, jirani mwenye jenereta akaoza binti yake, na rusha roho, ile taarabu ya mipasho, ikapigwa mpaka saa saba huku spika zikielekezwa uchochoroni. Mngurumo wa jenereta niliuzoea upesi, kwa kuwa hausemi kitu. Kilichonishinda ni maneno. Kila nikianza sehemu za figo, mwimbaji anampasha mke mwenziwe, nami bila ya kutaka namsubiri amalize. Asubuhi swali la figo likaja. Mstari wa kwanza niliuandika vizuri. Wa pili ulikuja na kiitikio chake, hata msimamizi akanigusa bega, kwani nilikuwa naimba.

Mpenda Pilau: Harusi hiyo nilikula. Biriani lilikuwa na chumvi nyingi.

Jang'ombe Asilia: Kumbe ulikuwemo! Na spika nani alizielekeza kwetu?

Kijana wa Kikwajuni: Tafadhalini, turudi kwenye suala.

Mwalimu Mstaafu: Watu hupenda kumtaja Mozart, mtunzi wa muziki wa Ulaya, kwamba muziki wake huongeza akili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993 na jarida la Nature, wanafunzi wa chuo kikuu walisikiliza muziki huo kwa dakika 10, kisha ndipo wakapewa majaribio ya kupambanua maumbo, na nafuu yenyewe haikuvuka dakika 15. Hawakusikiliza huku wanasoma.

Mtoto wa Chake: Lakini chuo cha Kurani tulihifadhi juzuu nzima huku kila mtoto anapaza sauti yake, na tulihifadhi.

Mkaazi wa Wete: Usichanganye kisomo na muziki! Pale sauti ndiyo somo lenyewe. Hapa wimbo na kitabu vinagombea nafasi moja.

Mtoto wa Chake: Nimesema sauti, sikusema muziki. Au nawe una hedifoni?

Fidla Kongwe: Mwekee bashraf, taarabu ya ala tupu, haina mwimbaji.

Mpenda Pilau: Bashraf hunilaza. Bora nyimbo za Kihindi, maneno hayamshughulishi.

Jang'ombe Asilia: Huyo hajakulia na sinema za Kihindi kama sisi, mimi zingenipoteza vilevile. Asikilize kabla ya kukaa mezani, kisha azime.

Kijana wa Kikwajuni: Nimemwekea bashraf. Amesikiliza kidogo, akauliza mwimbaji anaingia saa ngapi.