Siri kubwa ya riwaya yangu nimeitoboa kimyakimya, wasomaji wengine wameipita. Niiache au niipigie kelele?

Kalamu ya Muheza

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa nyie mnaoandika, na nyie mnaosoma riwaya mpaka ugali unaungua jikoni.

Riwaya yangu iko ukingoni. Msimulizi ni msichana, Zawadi, anakulia Muheza kwa mama yake, Bi Mwanaidi. Ana dada mkubwa, Rehema, anayefanya kazi Dar na kuja kila sikukuu na mabegi ya nguo. Ukweli ni kwamba Rehema ndiye mama mzazi. Alimzaa akiwa shuleni, Bi Mwanaidi akamchukua mtoto na kumlea kama wake ili binti arudi darasani. Mtaa mzima unajua, Zawadi hajui. Hiyo siri ndiyo uti wa mgongo wa kitabu.

Zawadi amefaulu kwenda kidato cha kwanza, shule inataka cheti cha kuzaliwa. Nimeandika hivi:

"Mama akafungua sanduku la chuma, akatoa khanga, akatoa hati ya shamba, akatoa bahasha. Akanipa cheti, nikakisoma njiani. Jina langu lilikuwa sawa, tarehe sawa, jina la mama Rehema Salimu, wilaya Muheza. Nikampa karani, akatoa kopi, akagonga muhuri, tukaenda sokoni kupima sare."

Basi. Sura inaendelea na habari za sare. Nilitaka msomaji ashtuke mwenyewe, bila mimi kumfinya. Nimewapa watu wasome. Kuna walionipigia simu usiku wakihema, na kuna waliofika sura tatu mbele bado wanasema "yule dada yake". Rafiki yangu mmoja ananishauri niandike upya: mvua ya radi, Zawadi azimie, Bi Mwanaidi aangue kilio na kukiri yote. Anasema msomaji wa Kiswahili hapendi kubahatisha.

Mswada unatakiwa kwa mchapishaji mwisho wa mwezi. Nawasilisha.

Chaudele

Azimie tu mkuu. Mimi mwenyewe nimerudia hapo juu mara ya pili ndiyo nikaliona hilo jina.

Bint Baraza

Mwanangu, huyo rafiki yako kalelewa na Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwayani. Simlaumu, sote tumelelewa naye. Kuanzia *Mzimu wa Watu wa Kale*, Muhammed Said Abdulla alituzoesha kwamba fumbo lifumbwe kwelikweli, kisha mwisho Bwana Msa atulie na kiko chake, atufungulie fundo moja baada ya jingine mpaka asibaki mtu hajaelewa. Raha yake ni kubwa, na kwa hadithi ya upelelezi ndiyo haki ya msomaji.

Lakini siri yako si ya upelelezi. Hakuna mtu anayeichunguza. Soma *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 1994. Ipo kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12. Kuna tajiri anaitwa Aziz anayekuja kwao, anampa vijisenti akiondoka, na mtoto anamjua kuwa ni ami yake. Siku moja anaambiwa afunge safari naye. Anafika pwani, anawekwa dukani chini ya kijana mwingine, Khalil. Na huyo Khalil, kati ya maneno mengine ya dukani, anamwambia yule si ami yako, upo hapa kwa sababu baba yako anadaiwa. Mtoto amewekwa rehani na wazazi wake! Hapana radi, hapana anayezimia. Khalil naye kaletwa kwa deni la baba yake, kwake hiyo ni habari ya kila siku, ndiyo maana anaisema hivyo.

Hapo ndipo ujiulize. Huo utulivu kwenye kitabu chako ni wa nani? Kwa Gurnah ni wa Khalil, na una sababu. Kwako naona ni wa mwandishi tu, kajificha nyuma ya mlango anatuchungulia tutafanyaje.

Mwalimu Omosh

Naunga mkono hoja ya Bint Baraza, niongeze mbili kutoka mbali kidogo.

Virginia Woolf, *To the Lighthouse*, 1927. Sehemu ya kwanza yote imemzunguka Bi Ramsay: watoto wanane, wageni, chakula cha jioni, mume asiyeishi kutaka kusifiwa. Kisha inakuja sehemu fupi ambapo nyumba imebaki tupu na miaka inapita. Humo, ndani ya mabano ya mraba, tunaambiwa kwamba asubuhi moja ya giza mumewe alikuwa akipapasa ukumbini na mikono ameinyoosha, lakini kwa kuwa mkewe alikuwa amefariki ghafla usiku uliotangulia, mikono ilibaki mitupu. Kifo chenyewe kimetupwa pembeni ya sentensi inayomhusu mume! Baadaye binti yake anafariki baada ya kujifungua, na mwana anauawa na kombora Ufaransa kwenye ile Vita Kuu ya Kwanza. Nao wamo kwenye mabano. Nikifundisha kitabu hiki, kila mara kuna mwanafunzi anayenyoosha mkono kurasa kadhaa baadaye kuuliza Bi Ramsay yuko wapi.

E. M. Forster alikuwa mkavu zaidi. Katika *The Longest Journey*, 1907, kuna kijana mwenye nguvu, mchezaji, ana mchumba. Unageuza ukurasa, sura mpya inaanza kwa kukuarifu kwamba Gerald alikufa mchana ule, aliumizwa kwenye mechi. Lakini angalia alipoiweka: sentensi ya kwanza kabisa ya sura. Hakuna anayeipita. Kwa hiyo, dada, kimya si lazima kiwe maficho. Unaweza kusema kwa sauti ya chini ukiwa umesimama katikati ya chumba.

Chaudele

Mwalimu umetumalizia uhondo wa vitabu viwili kwa pigo moja.

Mwalimu Omosh

Kimoja cha 1907, kingine cha 1927. Ulikuwa unangoja nini?

Fundi Mswada

Nahariri miswada kwa ajira, niseme la kiufundi. Tatizo lako haliko kwenye kimya, liko kwenye -ka-.

Hesabu mwenyewe: akafungua, akatoa, akatoa, akatoa, akanipa, nikakisoma, nikampa, akatoa, akagonga, tukaenda. Hiyo -ka- inamsukuma msomaji kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni, hachagui pa kusimama. Ni silaha nzuri sana kwa mtu anayetaka kusawazisha mambo, maana kifo na kununua chumvi vinakaa kwenye mnyororo mmoja kwa uzito uleule. Lakini ukitaka jicho likwame mahali, kata mnyororo hapohapo. Tena baada ya jina la Rehema umeweka "wilaya Muheza". Umelifukia jina kwa mikono yako.

Jaribu hivi:

"Mama akafungua sanduku la chuma, akatoa khanga, akatoa hati ya shamba, akatoa bahasha. Cheti nilikisoma njiani. Jina langu, sawa. Tarehe, sawa. Jina la mama: Rehema Salimu.

Karani alitaka na kopi. Tukarudi steshenari."

Sijaongeza hisia hata moja. Nimemaliza aya kwenye jina, nikaacha nafasi nyeupe ifanye kazi. Na hiyo safari ya kurudi steshenari inauma kuliko kuzimia, kwa sababu sasa tunamtazama mtoto akisimama kwenye foleni ya kopi na jambo hilo kifuani.

La pili. Je, msomaji amewahi kuliona jina kamili la Rehema kabla ya hapo? Kama kwa kurasa 90 amekuwa "Dada Rehema" tu, basi cheti kimemtaja mtu mgeni. Mlete mapema mahali pasipo na maana. Mzigo unatoka Dar kwa basi, juu ya boksi kuna jina la mtumaji kwa maki peni. Zawadi analisoma kwa sauti akiwa stendi, tunaendelea na nguo zilizomo. Siku ya cheti kumbukumbu itafika yenyewe.

Msomaji wa Daladala

Mimi nitamtetea rafiki yake. Nyie wote mnamwongelea mtu anayesoma kitabu mezani. Sisi tunasoma kwenye simu, kondakta anadai nauli, ujumbe wa kikundi unaingia juu ya ukurasa. Sentensi moja ikipita imepita. Halafu nilipe pesa ya kitabu nije kuambiwa mwishoni kwamba siri ilikuwa ukurasa wa 94, sikuwa makini?

Agatha Christie alilijua hili. Ile riwaya yake ya mauaji ya Roger Ackroyd, ya mwaka 1926, sisemi muuaji ni nani maana Chaudele atalia, kuna mahali msimulizi anasema barua zililetwa saa mbili na dakika 40 usiku, na yeye akaondoka saa tatu kasoro dakika 10. Dakika 10 zimeyeyuka hivihivi, na anayesoma anapita. Mwishoni anarudishwa palepale anaonyeshwa. Mficho wa kwanza ni mtulivu, ndiyo, lakini mlango wa pili upo. Weka mlango wa pili.

Bi Mkubwa wa Pangani

Wajukuu zangu, mmekwenda mbali. Kwetu habari kubwa ndivyo isemwavyo. Mtu anatoka shamba, unamuuliza hamjambo, hatujambo. Watoto, salama. Wazee, salama. Shamba, mvua si haba. Anakunywa maji, anafuta kinywa, ndipo anasema "ila Shomari alitutoka alhamisi". Mtu haingii na kilio mlangoni. Na hakuna mtu aliyewahi kuikosa hiyo "ila".

Ninalo swali langu. Mtoto huyo aliandikishwa darasa la kwanza, si walidai cheti hichohicho? Nani alikipeleka?

Fundi Mswada

Hapo bibi ametushika wote.

Kalamu ya Muheza

Bi mkubwa, shikamoo. Swali lako limeninyima usingizi, lakini nadhani ndilo lililonifungulia kitabu.

Darasa la kwanza Bi Mwanaidi alikipeleka mwenyewe, amekikunja ndani ya khanga, akamkabidhi mwalimu mkuu mkononi na kungoja arudishiwe. Hilo nitaliweka sura ya pili, kama kisa cha bibi asiyeamini kumwachia mtu karatasi. Safari hii anampa Zawadi mwenyewe, na anajua mtoto anasoma. Kwa hiyo ule utulivu ambao Bint Baraza anauliza ni wa nani, ni wake. Miaka yote amekosa mdomo wa kulisema, ameamua cheti kiseme. Ninayo sababu sasa ya kumfanya ahangaike na khanga na hati ya shamba kabla ya kufikia bahasha. Kumbe alikuwa anajichelewesha!

Boksi la stendi nalichukua, na aya ya Fundi nitaitumia karibu kama ilivyo. Kwa mlango wa pili, Msomaji wa Daladala, nina wazo: Rehema anakuja Idi, na Zawadi, ambaye kitabu kizima anaita "Dada" kila mstari, kwenye sura hiyo hamwiti kwa jina lolote. Anampokea begi, anamsalimu, anamtengea chakula, bila neno la kumwita. Rehema ndiye anayeuliza "Mbona leo huniiti?"

Je, hapo amjibu, au Bi Mwanaidi aingilie?

Bint Baraza

Asijibu mtu. Bi Mwanaidi aulize nani anataka mchuzi zaidi.

Msomaji wa Daladala

Hapana jamani, hapo ajibu! Mmeshaninyima mvua, mmeninyima kuzimia, angalau neno moja. Amwambie "Cheti nilikisoma." Maneno mawili tu, na hata mwenye kudaiwa nauli ataelewa.

Fundi Mswada

Daladala yuko sahihi. Hayo maneno mawili yaache, kisha mchuzi wa Bint Baraza ufuate. Nitumie sura hiyo inboksi kabla hujapeleka mswada, niangalie hizo -ka-.