Mwanafunzi wa kigeni aongezewe muda wa mtihani au akomae tu?

Mchokonozi: Wakuu, mtu anasoma nje kwa lugha isiyo yake, chuo kimuongezee muda kwenye mtihani na kumruhusu kamusi, au akishafaulu IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, abanane na wenzake? Mimi nasema aongezewe. Kusoma swali mara mbilimbili ndo ulielewe kunakula dakika.

MtuMzima: Muda wa nini tena? Cheti kaonyesha mwenyewe kwamba lugha anaiweza. Mimi nimesoma nje bila mteremko wowote. Shida ya wengi wao wala sio lugha, ni kujitenga, kutwa wamejazana chumba kimoja wanapiga soga kwa lugha ya kwao, ya darasani wataijua lini?

BintiSafari: Kujitenga?? Ushawahi kukaa kwenye kazi ya kikundi mko watano, wanne wanaongea mbiombio na kucheka utani ambao hujui umeanzia wapi, wewe unapanga sentensi kichwani, ukifungua mdomo mada ishahama? Jioni ndo namtafuta wa kwetu angalau kichwa kipoe. Hiyo nayo dhambi?

MtuMzima: Povu la nini dada, nimegusa palipouma?

KalamuButu: Turudi kwenye hicho cheti. Insha ndefu ya IELTS kima cha chini ni maneno 250, ukifika darasani unaambiwa lete kurasa kumi na marejeo juu. Kuna msomi wa Kanada, Cummins, alisema lugha ya maongezi mtu anaipata kwa miaka kama miwili, ya kitaaluma mitano hadi saba huko. Masta yenyewe mwaka au miwili. Piga hesabu.

MtuMzima: Huyo alikuwa anaongelea watoto wa wahamiaji mashuleni, sio watu wazima wenye digrii zao. Msituletee nusunusu.

KalamuButu: Kwani mtu mzima ndo anapewa miaka mingapi, mkuu?

Mpole_wa_Nyuma: Muda wa ziada hausaidii kitu kama hujui wanataka nini. Mwenzangu wa chumbani insha yake ya kwanza alibeba sentensi za mwandishi karibu kama zilivyo, akabadilisha neno hapa na pale maana aliogopa akiandika kwa maneno yake ataharibu. Akaitwa mwizi wa kazi za watu. Huko alikotoka kumrudia mwalimu neno kwa neno ndo kulikuwa kunampa maksi, na hakuna aliyemkalisha chini kumwambia hapa mambo ni mengine. Wangemfundisha hilo wiki ya kwanza.

Mchokonozi: Hiyo point. Kwa hiyo kwenye muda wa mtihani tunasemaje?

MtuMzima: Ngoja kwanza, yule dada hajanijibu. Mwaka mzima huko una rafiki mwenyeji hata mmoja?

BintiSafari: Ninao wawili babu, na wote mimi ndo niliwaanza salamu. Wewe wakati wako kuna mwenyeji hata mmoja alikuanza?

MtuMzima: Hilo halihusiani. Na mimi sio babu yako.