Tupeane uzoefu: kuchana na kutunza nywele za mtoto chotara hapa Kigoma

Mama Katubuka
Habari za leo wadau. Naomba tukusanye hapa namna ya kutunza nywele za watoto chotara, zile laini zinazojikunja, ambazo kitana hakipiti na mafuta ya mgando yanaziacha zimelala na kukusanya vumbi. Wasusi wetu wengi wanazichana kavu, mtoto analia, mwisho wa siku mama anaambiwa amnyoe tu yaishe. Leteni hatua, vipimo na sababu, ili mtu akisoma leo Jumamosi hii aingie kazini.

Msusi wa Mwanga
Asante dada kwa kufungua huu uzi. Nianze na fundo lenyewe, maana ukijua linavyotokea nusu ya kazi imeisha.

Kila kichwa hudondosha nywele. Mtu mzima hupoteza kama 50 hadi 100 kwa siku. Zilizonyooka zinaanguka chini. Zinazojikunja, unywele uking'oka unanasa kwenye mikunjo ya wenzake na kujizungusha humo. Zikikaa wiki mbili bila kuchambuliwa, kisogo chote kinashikana. Halafu mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayashuki vizuri kwenye mikunjo, kwa hiyo ncha zinabaki kavu, na ncha kavu ndizo zinazoshikana kwanza.

Kwa sababu hiyo, nywele hizi hazichanwi kavu. Andaa chanuo la meno mapana, chupa ya kupulizia, vibanio vinne, maji ya uvuguvugu na kondishena nyepesi. Gawa kichwa kwa vidole mafungu manne: paji hadi kisogo, kisha sikio hadi sikio. Zikiwa nyingi au zimeshikana sana, gawa manane. Anza na kisogo, maana ndipo penye kazi, na mwanzoni mtoto bado ana subira.

Pulizia fungu moja mpaka maji yachuruzike, ndipo upake kondishena. Kwa nywele zinazofika begani, kijiko kimoja cha chakula kwa fungu kinatosha, kisogo mpe viwili. Acha dakika 3 hadi 5. Pitisha vidole viwili. Vikikwaruza, ongeza maji kwanza. Kondishena bila maji haitelezi, utamaliza chupa bure.

Sasa fundo. Shika fungu kwa mkono wa kushoto juu ya fundo na ubane kabisa, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako usifike kwenye ngozi ya mtoto. Usilivute kwenda chini, linakaza. Lipanue kwa pembeni kwa ncha za vidole, ukitoa nywele mbili tatu kila mara kuanzia nje ya fundo. Katikati utakuta kishungi kidogo cha nywele zilizong'oka siku nyingi. Kila mmoja una kipunje cheupe upande mmoja. Hizo ndizo za kutoa, na zikitoka fundo lote linaachia lenyewe. Ukiona vipande vifupi visivyo na kile kipunje, ujue unakata nywele nzima: pole mkono, ongeza maji.

Vidole vikipita ndipo chanuo liingie: ncha kwanza, kisha katikati, mwisho kwenye shina. Fungu likiisha lisokote msokoto mmoja, libane pembeni, nenda jingine. Suuza misokoto ikiwa imefungwa hivyo hivyo. Ukizifungua zote kwenye beseni zitarudi kushikana na kazi utaianza upya.

Mkaazi Ujiji
Msusi amesema vyema, mimi naongeza habari ya maji. Maji ya bomba mjini hapa yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina maji ya magadi kiasi, pH yake (kipimo cha uchachu na magadi, 7 ndiyo katikati) inakaribia 9. Maji ya namna hiyo yanafungua magamba ya nje ya unywele, nywele zinakuwa mbaya mkononi na zinanasana. Ukiongeza sabuni ya mche, ambayo nayo ni kali upande huo huo, umelitengeneza tatizo mwenyewe. Mche uache kwenye nguo.

Osha kwa shampuu isiyo kali mara moja kwa siku 7 hadi 10, uisugue kwenye ngozi ya kichwa tu, ncha zitasafishwa na povu linaloshuka. Suuza ya mwisho iwe na siki, ili uchachu wake upunguze yale magadi: kijiko kimoja cha chakula kwenye nusu lita ya maji, mwagia kuanzia juu ya masikio kwenda nyuma huku mtoto ameinua uso, kisha pitisha maji safi. Kama kichwani kuna kidonda, siki iache. Kipindi cha mvua kinga maji safi ya bati, lita 5 tu zinatosha kusuuzia, na hayo hayahitaji siki.

Baba Gungu
Wakuu, swali. Mtoto ana mwaka na nusu, juu ana mawimbi laini, kisogoni kipilipili, pembeni zimekatika kabisa. Dawa moja itafaa kichwa chote?

Msusi wa Mwanga
Hapana kaka. Kwa chotara, aina mbili hata tatu kichwa kimoja ni kawaida. Juu kwenye mawimbi maji na kondishena kidogo vinatosha, mafuta yatazilaza. Kipilipili cha kisogoni kinataka maji, kondishena, kisha mafuta matone machache ya kufungia unyevu. Umri huo pia nywele bado zinabadilika, kwa hiyo usinunue makopo makubwa. Pembeni kukatika mara nyingi ni msuguano: shuka, mto, kubebwa mgongoni kichwa kikisugua khanga. Foronya ya satini itasaidia kuliko mafuta yoyote. Ila paangalie vizuri. Kama kuna magamba au duara, msikilize muuguzi hapo chini.

Muuguzi Mstaafu
Nipo, mwanangu. Duara lenye magamba na nywele zilizokatika usawa wa ngozi, hayo ni mapunye mpaka ithibitike vinginevyo. Mafuta ya kupaka peke yake hayafiki kwenye shina la unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kunywa, na kipimo chake hutolewa kwa uzito, kwa hiyo apelekwe zahanati. Chanuo la kila mtoto liwe lake.

Mambo mawili zaidi. Dawa ya kunyoosha nywele isiwekwe kwa mtoto. Nyingine zina magadi makali yanayounguza ngozi, na hata zile zilizoandikwa za watoto zinaunguza. La pili, ndimu na limao. Kuna wanaosuuzia badala ya siki. Maji ya ndimu yakibaki kwenye paji la uso au shingoni kisha mtoto akatoka juani, ngozi inaungua na kuacha mabaka meusi. Kwa ngozi nyeupe ya hawa watoto inaonekana vibaya zaidi. Siki iliyozimuliwa inatosha.

Nyuki Tabora
Salamu kutoka Tabora. Kwetu asali ipo, basi watu wanaipaka hovyo. Asali inavuta unyevu, inafaa, lakini kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha kondishena, dakika 15, kisha isuuzwe yote. Ikibaki, nywele zinanata na sisimizi watamfuata mtoto kitandani. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimpake kabisa. Ikichuruzika mdomoni inaweza kumletea sumu ya botulizimu, na kuichemsha jikoni hakuondoi hatari hiyo. Nta nayo msiweke. Haitoki kwa maji, inajikusanya, baada ya wiki chache nywele haziingizi maji tena.

Kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo ni mkavu. Pulizieni asubuhi maji vikombe viwili na vijiko viwili vya kondishena, mtikise. Mchanganyiko huo mwageni baada ya siku tatu, unaoza.

Mama Katubuka
Na mafuta? Hapa kwetu kila nyumba ina mawese.

Mkaazi Ujiji
Mawese yabaki jikoni dada. Ile rangi inashika foronya, kola ya shule na nywele zenyewe zikiwa za kahawia. Mafuta ya nazi ndiyo bora kabla ya kuosha, kwa sababu yanaingia ndani ya unywele na kuuzuia usivimbe sana kwa maji: paka ncha nusu saa kabla. Asubuhi za Juni na Julai yataganda, chovya kopo kwenye maji moto, usiliweke jikoni. Mafuta ya nyonyo ni mazito, matone mawili matatu viganjani yanatosha kichwa kizima. Na mafuta yoyote hayanyweshi nywele kavu, kazi yake ni kufungia maji ambayo tayari yamo.

Msusi wa Mwanga
Nimalizie kusuka, maana ndipo wengi mnapotuletea. Misokoto miwili miwili au twende kilioni kubwa, siku 7 hadi 10, mwisho wiki mbili kwa hizi laini. Zaidi ya hapo zinaanza kushikana ndani ya msuko. Rasta za kuongeza nywele kwa mtoto mdogo zinavuta mno. Vipele vyeupe kwenye mstari wa paji la uso, au mtoto kushindwa kulalia, fumua usiku huo huo. Ngozi ikivutwa miezi na miaka, nywele za pembeni hazirudi.

Siku ya kwenda kuogelea Bangwe au Kibirizi, lowanisha kichwa kwa maji safi na kondishena kidogo kisha usokote. Nywele zikishashiba maji safi zinanyonya machache ya ziwa. Akirudi suuza jioni hiyo.

Mkileta mtoto saluni, mje na chanuo lenu na kondishena yenu, na mwambieni msusi kabla hajaanza: "Usichane kavu, na usivute paji la uso." Akikataa kulowanisha, mwondoeni mtoto kwenye kiti.