Tochi za mfukoni za mwanga wa rangi: acheni kutuuzia lumeni hewa

#1
Wakuu, hili sasa limevuka mpaka. Mtu akiulizia tochi ndogo ya mwanga mwekundu, wa kijani au wa UV (urujuanimno), muuzaji anamwonyesha namba moja tu kwenye boksi: lumeni. Lumeni ni kipimo cha mwanga kinachohesabiwa kwa jinsi jicho linavyoona, na jicho halioni rangi zote sawasawa. Kwa nguvu ileile ya mwanga, kijani cha nanomita 530 (urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaotaja rangi kamili) kinahesabiwa lumeni karibu mara tatu ya nyekundu ya 625, na mara kumi na nne hivi ya nyekundu iliyokolea ya 660. Sasa ukiweka tochi nyekundu na ya kijani mezani ukazilinganisha kwa lumeni, unalinganisha nini? Na ile ya UV ya 365 iliyoandikwa "lumeni 1,000" ni uongo mtupu, kwa sababu mwanga huo jicho halioni kabisa. Kinachotakiwa kwenye boksi ni nanomita na miliwati, yaani nguvu halisi ya mwanga, na hivyo ndivyo wanavyoficha.

Wizi mkubwa uko kwenye nyekundu. Nyingi za bei chee ni LED nyeupe iliyofunikwa plastiki nyekundu. LED nyeupe yenyewe ni chipu ya bluu iliyopakwa unga wa njano, na wekundu ndani ya mwanga wake ni kidogo. Plastiki inazuia sehemu kubwa ya mwanga uliolipia, betri inaisha vilevile, na unaambulia mwanga wa kibatari. Kuitambua hakuhitaji fundi. Zima tochi, fungua pete ya mbele, toa plastiki, tazama ndani ya kioo. Ukikuta kidoa cha njano kama kiini cha yai, umeuziwa nyeupe. Chipu nyekundu ya kweli haina unga huo. Kama pete imegundishwa, chukua CD ya zamani, ingia gizani, mulika upande unaong'aa kwa mshazari. Nyekundu ya kweli inatoa wekundu tu. Plastiki mbovu inaachia michirizi ya chungwa, hata kijani.

Watu hawanunui mwanga mwekundu kwa urembo. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na sehemu yake inayoona usiku haishtuliwi sana na mwanga mwekundu hafifu. Anayetazama nyota anautaka kwa sababu hiyo. Anayelinda viota vya kasa Mafia au Watamu ana sababu nyingine: kasa jike akimulikwa mwanga mweupe anaweza kugeuka arudi baharini bila kutaga. Halafu mtengenezaji anaweka swichi moja: kliki ya kwanza nyeupe kali, ya pili nyeupe hafifu, ya tatu inapepesa, ndipo ije nyekundu! Dakika 30 za giza zimekwenda kwa kidole kimoja. Tochi ya namna hiyo isiitwe ya mwanga mwekundu. Nunua yenye swichi yake ya nyekundu, au isiyo na rangi nyingine kabisa.

Zile za rangi nne zenye lenzi ya kuvuta mbele nazo ni tatizo. Chipu nne chini ya lenzi moja haziwezi zote kukaa katikati. Ukivuta, lenzi inatupa ukutani picha ya chipu yenyewe, kipande cha mraba, na kimeangukia pembeni ya pale unapoelekeza.

UV: ya nanomita 395 inamwaga zambarau nyingi, inafunika mng'ao unaoutafuta. Kwa kusaka nge inatosha, maana nge anawaka kijani waziwazi. Kwa kukagua noti bandia haifai. Chukua 365 yenye kioo cheusi mbele. Karatasi ya kawaida itawaka bluu-nyeupe, karatasi ya noti halali itabaki imefifia na alama zake za siri ndizo zitakazong'aa. Msimulike mtu usoni. Mboni haijikunji kwa mwanga isiouona, na jicho linaumia bila mtu kujua.

Na betri za lithiamu za kuchaji za 18650 zilizoandikwa 9,900 mAh (kiasi cha umeme zinachobeba) tafadhali ziondolewe sokoni. Nzuri zina kati ya 2,500 na 3,600. Iweke kwenye mizani: nzima ina gramu 45 hadi 48. Ikiwa na 30, imejazwa hewa.

#4
Mkuu, umegusa penyewe, ila ongeza la betri ya lithiamu ya 14500, maana linaua tochi kila siku. Umbo lake ni la AA, kwa hiyo muuzaji anasema "inaingia tu." Tochi ya AA moja ina bodi ya kupandisha volti 1.5. LED nyekundu inataka kama volti 2, ya kijani na bluu karibu 3. 14500 ikijaa ina 4.2, na bodi ya kupandisha haijui kushusha, umeme unapita moja kwa moja. Ya bluu itachemka lakini inaweza kuvumilia kidogo. Nyekundu inaungua, na kabla ya hapo utaona inafifia haraka, kwa sababu chipu nyekundu hupoteza mwanga kwa joto kuliko nyingine. Kama kwenye tochi haikuandikwa 4.2V, usiiweke.

#5
Niongeze kwa wanaonunua nyekundu ya kuweka kwenye sanduku la huduma ya kwanza: damu kwenye bandeji nyeupe haionekani vizuri chini ya mwanga mwekundu, zote mbili zinarudisha wekundu uleule. Mistari myekundu kwenye ramani nayo inapotea. Hapo weka nyeupe hafifu, lumeni 1 hadi 5.

#6 (mwanzisha uzi)
Sawa kabisa wote wawili. Wenye maduka mnaosoma hapa, andikeni nanomita za kila rangi na volti za juu inazokubali tochi. Ni mistari miwili tu kwenye boksi.