Kuunganisha sehemu ya maswali na majibu na programu ya wavuti inayotumika tayari

Mjenzi_Mtulivu aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninatunza programu ya wavuti ya mafunzo iliyoandikwa kwa PHP, yenye hifadhidata ya MySQL. Kila somo lina kisanduku cha maoni, na humo swali lile lile huulizwa tena na tena kwa kuwa jibu zuri lililotolewa mwezi uliopita limekwisha kuzama chini ya salamu na shukrani. Tunataka pahali ambapo swali litasimama peke yake, majibu yapigiwe kura, na muuliza aweze kutia alama kwenye jibu lililomfaa.

Mimi nimeelekea kwenye Question2Answer, programu huria ya maswali na majibu, kwa sababu nayo hutumia PHP na MySQL. Mwenzangu anapendelea Discourse, programu huria ya majukwaa ya mijadala, iwekwe katika kikoa kidogo chetu (anwani iliyo chini ya jina la tovuti yetu), ilhali msimamizi wetu haoni kwa nini tusitumie huduma ya nje na kuipachika ndani ya ukurasa wa somo kwa fremu, yaani dirisha linaloonyesha tovuti nyingine ndani ya ukurasa. Sharti letu ni moja: mtu aliyekwisha kuingia katika programu asidaiwe nenosiri la pili. Je, mngeshika njia ipi?

Fundi_Seva alijibu:

Ndugu, hilo sharti lako ndilo litakaloamua mambo, kwa hiyo anza nalo kabla ya kulinganisha programu.

Fremu iondoeni kwanza. Huduma ikiwa katika kikoa kisicho chenu, vidakuzi vyake (data ndogo ambazo kivinjari hutunza ili tovuti imtambue mtu) huhesabiwa kuwa vya mtu wa tatu, na kivinjari cha Safari kimevizuia vidakuzi vya namna hiyo kikamilifu tangu mwaka 2020. Mtumiaji ataonekana ameingia kwenye somo lakini ndani ya fremu atakuwa mgeni. Isitoshe, anwani iliyo juu ya kivinjari haibadiliki mtu anapofungua swali, hivyo hawezi kumtumia mwenzake kiungo cha jibu, na sehemu ya maswali isiyotoa viungo imekosa nusu ya faida yake.

Kati ya hizo mbili zilizobaki, Question2Answer hukuruhusu kuandika msimbo wako wa kuwatambua watumiaji ili isome akaunti zenu badala ya kuunda zake. Uamuzi huo ufanyeni kabla ya kuisimika, maana kuhamisha akaunti baadaye ni kazi ya kuchosha. Discourse yenyewe hutumia hifadhidata nyingine, PostgreSQL na Redis, kwa hiyo mtakuwa na mitambo miwili ya kutunza, lakini utaratibu wake wa kuingia uitwao DiscourseConnect ni safi. Mtu akibonyeza kuingia, Discourse humtuma kwenye programu yenu akiwa na ujumbe wenye namba ya matumizi ya mara moja, uliotiwa saini ya kidijitali kwa njia ya HMAC-SHA256 na ufunguo wa siri mnaoujua ninyi na Discourse tu. Programu yenu hukagua saini, hutazama kama mtu huyo ameingia, kisha humrudisha na kitambulisho chake, barua pepe yake na ile namba, vyote vikiwa vimetiwa saini upya. Nenosiri halipiti popote katika safari hiyo.

Mkaguzi_wa_Msimbo alijibu:

Naongezea tahadhari ambayo wengi huiruka. Kitambulisho mnachokirudisha Discourse, katika sehemu ya ujumbe iitwayo external_id, kiwe namba ya mtumiaji isiyobadilika, kamwe kisiwe barua pepe, kwa sababu watu hubadilisha barua pepe. Tena, Discourse huchukulia kwamba anwani mliyoileta mmekwisha kuithibitisha. Ikiwa programu yenu humruhusu mtu kujisajili kwa anwani yoyote bila kuithibitisha, mjanja anaweza kujiandikisha kwa anwani ya msimamizi na kukabidhiwa akaunti ya msimamizi. Watumiaji wasiothibitishwa wapelekeni pamoja na require_activation yenye thamani ya kweli (true), ili Discourse iithibitishe kwanza barua pepe yao.

Mwandishi_Jedwali alijibu:

Mimi natofautiana kidogo na waliotangulia. Ikiwa kila swali linahusu somo fulani, nanyi mnataka lionekane chini ya somo hilo hilo, jedwali la maswali, la majibu na la kura ndani ya hifadhidata yenu huenda yakatosha, na suala la kuingia halitakuwepo kabisa. Katika jedwali la kura, wekeni faharasa ya kipekee (kanuni ya hifadhidata inayokataa rekodi iliyojirudia) juu ya mtumiaji na jibu kwa pamoja, ili hata mtu akibonyeza mara mbili kwa kasi kura yake ihesabiwe mara moja.

Sikufichi, hata hivyo, kwamba majedwali hayo ndiyo sehemu nyepesi. Kuchuja matangazo ya ulaghai, kutunza historia ya marekebisho, kutuma taarifa bila kuwakera watu, na kuyasafisha maandishi ya watumiaji ili msimbo hasidi usipenye kwenye kurasa zenu: hiyo ndiyo kazi ambayo programu huria zilizokomaa zimekwisha kuifanya.

Mjenzi_Mtulivu aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Tumeijaribu Discourse katika seva ya majaribio. Aliyekwisha kuingia anapita vizuri, lakini asiyeingia akiandika nenosiri lake kwetu hutupwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa masomo, na akirudi Discourse bado ni mgeni.

Fundi_Seva alijibu:

Programu yenu inausahau ujumbe wa Discourse wakati inapomwonyesha fomu ya kuingia. Uhifadhini pamoja na saini yake katika kikao cha mtumiaji (kumbukumbu ambayo seva humtunzia anapoitumia programu) kabla ya kumpeleka kwenye fomu, na nenosiri likikubaliwa mtazame kwanza kama kikao kina ujumbe unaosubiri. Ukiwepo, mrudisheni Discourse badala ya ukurasa wa mwanzo. Anwani ya kurudia nayo msiichukue tu kama ilivyokuja: hakikisheni saini imekubali na kwamba kikoa ni chenu.

Mjenzi_Mtulivu aliandika tena:

Ndilo lililokuwa tatizo. Sasa anaingia mara moja na kurejeshwa kwenye swali alilokuwa akilisoma.