Mpira wa upepo wa tela unavuja nikikanyaga breki tu, naomba msaada

Dereva_Tunduma: Wakuu habari za mchana, naendesha Scania kichwa na tela njia ya Dar-Tunduma, gari ikisimama upepo umejaa vizuri hausikii kitu ila nikikanyaga breki inaanza ssssss hapo nyuma ya kabini na geji inashuka. Fundi mmoja wa barabarani anataka akate palipotoboka aunge na kipande cha bomba na klipu mbili anasema itafika tu. Naogopa maana mbele kuna mlima wa Kitonga

Fundi Upepo: Usikubali mkuu. Klipu ya maji sio ya upepo, hapo unacheza na presha ya kama bar 8 na mpira unavutwa kila ukikata kona, utachomoka tu. Kwa maelezo yako huo ni mpira wa njano (kama ni Freightliner utakuwa wa bluu), ndo unaopeleka amri ya breki kwenye tela kwahiyo unapata upepo pale unapokanyaga. Ungekuwa mwekundu ungevuja muda wote, na ukikatika kabisa tela inajifunga yenyewe. Ila kabla hujanunua mpira angalia sili ya kwenye kapulingi (kiungio cha mpira na tela), mara nyingi imekauka au ina mchanga, paka maji ya sabuni mwenzio akiwa amekanyaga pedali utaona mapovu yanatokea wapi

Mama Malori: Naongezea, mpira mpya bila kujua wa zamani uliliwa na nini ni hela ya bure. Angalia kama unasugua chesisi au unalala juu ya bati, koili (mpira uliojikunja kama springi) ikishachoka inalegea inaning'inia. Mimi madereva wangu nimewakataza kufunga na waya, wafunge kwa springi yake. Na mkitenganisha tela na gari, kichwa cha mpira kirudishwe kwenye kishikio chake kisiachwe chini

Dereva_Tunduma: Asanteni sana, nimepaka sabuni, sili nzima, mpira ndo umekatika unaposugua chesisi. Gari nimepaki tajiri anatuma mpya

Fundi Upepo: Safi. Ukifunga jaza upepo, zima injini, kanyaga ushikilie dakika nzima, Marekani kwenye mtihani wa leseni gari yenye tela hairuhusiwi kupoteza zaidi ya psi 4 za presha hapo. Halafu toa maji kwenye matenki, yakitoka na oili ujue kompresa inapitisha oili, na oili inaozesha mipira na sili kwa ndani